Nusu ya Jina la Mto

Kaskazini-mashariki mwa Poland kuna mto unaoitwa Węgorapa. Unatoka ziwa Mamry, unapita mji wa Węgorzewo, kisha unavuka mpaka na kuingia jimbo la Kaliningrad la Urusi, ambako jina lake ni Angrapa. Mwulize Mpolandi yeyote maana ya węgorz, atakujibu papo hapo: ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Sasa mwulize apa ni nini. Hapo hana jibu, kwa sababu apa si neno la Kipolandi. Jibu limo katika orodha ya maneno iliyonakiliwa yapata mwaka 1400, ambamo mkunga ni angurgis na mto ni ape. Zamani mto huu uliitwa Mto wa Mikunga kwa lugha ya watu wa hapo. Wageni walipofika, nusu ya jina waliielewa wakaigeuza kwa lugha yao, na nusu ya pili wakaiacha kama walivyoisikia.

Lugha hiyo ni Kiprusi. Isichanganywe na Kirusi, ambacho ni lugha ya Kislavoni. Kiprusi kilikuwa cha ukoo wa Kibaltiki pamoja na Kilithuania na Kilatvia, lakini cha tawi lake la magharibi, na katika tawi hilo hakuna lugha iliyobaki hai. Kilizungumzwa kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki na bara yake, kati ya mto Wisła na mto Nemunas.

Tumezoea kufarijiana kwamba lugha haifi yote, kwamba huacha maneno yake kwa majirani kama marehemu anavyoacha vitu kwa nduguze. Nimekuwa nikiiamini faraja hii mpaka nilipoanza kufuatilia habari za Kiprusi. Leo naiona ni ya kweli nusu. Neno lililoachwa kwa jirani huishi kwa uhai wa jirani. Jirani akifukuzwa kwao, neno linakwenda naye ugenini na kuzeeka naye. Jirani akiamriwa kubadili majina ya vijiji vyake, neno linafutwa kwa mhuri. Hakuna lugha ya Ulaya ninayoijua inayoonyesha jambo hili waziwazi kama Kiprusi.

Historia yenyewe ni ya kutisha, nami nitaipitia upesi. Kuanzia miaka ya 1230 watawa wapiganaji wa Shirika la Wateutoni waliivamia nchi ya Waprusi kwa jina la dini. Waprusi hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa makabila: Wapomesania, Wawarmia, Wanatangia, Wasambia, Wabarta, Wasudovia na wengine. Mwaka 1260 waliasi, na vita hivyo viliendelea hadi 1274. Kiongozi wao mashuhuri, Herkus Monte wa Natangia, alinyongwa. Kufikia 1283 upinzani ulikuwa umekwisha. Wasudovia wengi walihamishwa kwa nguvu, na ardhi ikajazwa walowezi wa Kijerumani, na kusini walowezi wa Kipolandi.

Padri mmoja wa Shirika, Peter wa Dusburg, aliyemaliza kitabu chake cha historia mwaka 1326, anaeleza kwamba mwanzoni Waprusi walistaajabu sana kuona mtu anaweza kumweleza aliye mbali nia yake kwa herufi. Habari hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Maana yake, karibu kila neno la Kiprusi tulilo nalo liliandikwa na mtu ambaye Kiprusi hakikuwa lugha ya mama yake.

Tuiangalie orodha yenyewe. Inaitwa Msamiati wa Elbing, kwa jina la mji ilikopatikana mwaka 1825. Aliyeinakili alijitaja: Peter Holcwesscher wa Marienburg. Ina maneno 802, Kijerumani upande mmoja na Kiprusi upande wa pili, na haikupangwa kwa alfabeti. Imepangwa kwa mada, kama mtu anayemtembeza mgeni duniani kuanzia juu kwenda chini. Inaanza na Mungu, deywis. Mistari michache baadaye kuna mbingu, dangus, kisha jua, saule. Mlithuania wa leo akisoma maneno hayo hahitaji kamusi: kwake ni dievas, dangus na saulė. Lakini akishuka kidogo anakwama. Moto ni panno, ilhali yeye husema ugnis. Mkate ni geytye, na yeye husema duona. Nyeusi ni kirsnan, ilhali kwake nyeusi ni juodas. Ni kama kuingia nyumba ya baba mkubwa uliyemsikia tu: sura ya watu unaitambua, lakini vyombo vya jikoni huvijui.

Hata hivyo kirsnan haikupotea kabisa. Kusini mwa Lithuania, katika nchi waliyokaa Wasudovia, kuna mto unaoitwa Kirsna. Wanaoteka maji yake wanasema juodas kwa kila kitu cheusi. Rangi imebaki kwenye mto peke yake.

Orodha ya Elbing haina sentensi hata moja. Haitwambii mama alimwitaje mwanawe au watu waligombana vipi sokoni. Ndiyo maana mistari miwili iliyopatikana mwaka 1974 katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, ina thamani kubwa. Mtafiti Stephen McCluskey alikuwa akichunguza hati ya mkono ya Kilatini ya mwaka 1369, kitabu cha elimu ya anga, akakuta mwishoni maneno yasiyo ya Kilatini wala ya Kijerumani: «Kayle rekyse thoneaw labonache thewelyse. Eg koyte poyte nykoyte pennega doyte.» Wataalamu wanaufafanua hivi: Salamu, bwana! Wewe si ami mwema tena, ikiwa unataka kunywa wala hutaki kutoa pesa.

Inaelekea aliyeandika alikuwa mwanafunzi aliye mbali na kwao. Neno thewelyse limetokana na thewis, ambalo katika orodha ya Elbing ni ndugu wa baba, na hapa limefanywa dogo kwa mapenzi, kama tunavyomwita rafiki «ami» au «mjomba» bila kuwa na undugu wowote. Neno pennega ni la mkopo, limetoka kwa Wajerumani pamoja na sarafu yenyewe. Katika mistari miwili kuna salamu, utani, kinywaji, deni na jirani. Haya ndiyo maandishi kamili ya kale zaidi ya Kiprusi tuliyo nayo, na ndiyo pekee ninayoweza kuapa kwamba ndani yake Mprusi anazungumza na mwenzake.

Baada ya hapo tunasubiri karibu miaka mia mbili. Mwaka 1525 Albrecht, mkuu wa mwisho wa Shirika katika nchi ya Prussia, alifuata mafundisho ya Martin Luther na kuigeuza nchi kuwa milki yake. Wakristo wa Kilutheri walitakiwa wafundishwe kwa lugha wanayoielewa, kwa hiyo mwaka 1545 zikachapishwa mjini Königsberg (Kaliningrad ya leo) katekisimu mbili fupi za Kiprusi, na mwaka 1561 ikafuata ndefu zaidi. Hii ya tatu ilitafsiriwa na Abel Will, mchungaji wa Pobethen, akisaidiwa na Mprusi aitwaye Paul Megott. Will alifuata Kijerumani neno kwa neno. Mahali Mjerumani alipoweka kitambulishi chake, yaani neno dogo kama der au die, mbele ya nomino, Will naye aliweka stas ya Kiprusi, na mpangilio wa sentensi ukawa wa Kijerumani uliovaa nguo za Kiprusi. Jina lake liko kwenye historia. Megott, ambaye lugha ilikuwa yake, tunamsikia kwa mbali tu, kama sauti ya mtu nyuma ya mlango.

Makanisani ilikuwa hivyohivyo. Mchungaji alihubiri kwa Kijerumani, na mkalimani aliyeitwa tolk akayageuza maneno kwa Kiprusi ili waumini wapate kuelewa. Lugha iliyokuwa ya wenye nchi ilisubiri zamu yake hata katika sala.

Linganisha na kilichotokea mwaka 1547 katika mji uleule wa Königsberg, kwa mchapaji yuleyule, Hans Weinreich. Hapo Martynas Mažvydas alichapisha katekisimu ya Kilithuania, kitabu cha kwanza cha lugha hiyo. Mažvydas alijiandikia lugha yake mwenyewe, na ndani ya kitabu aliweka alfabeti ili watu wajifunze kusoma, pamoja na nyimbo wapate kuimba. Kati ya vitabu hivyo kuna miaka miwili tu. Kilithuania leo ni lugha ya taifa; Kiprusi kimekufa zamani.

Wengine husema Kiprusi kilikufa kwa kukosa vitabu. Sikubali. Kilikuwa na vitabu vitatu vya kuchapwa, zaidi ya lugha nyingi za dunia za wakati ule. Tofauti ilikuwa kwingine. Kilithuania kilikuwa na maelfu ya wakulima wanaokizungumza ng'ambo ya mpaka, katika dola kubwa ambayo watawa wa msalaba hawakuweza kuiteka. Waprusi walikuwa watumwa wa ardhi waliozungukwa na walowezi, na mtoto aliyetaka kutoka katika hali hiyo alilazimika kutoka kwa Kijerumani. Kitabu kilikuja kwa ajili ya roho yake, lakini maisha ya mchana yote yalikuwa kwa lugha ya bwana.

Katika nakala moja ya katekisimu ya mwaka 1545 kuna maneno ya mkono yanayosema kwamba lugha hii imetoweka kabisa, na kwamba mwaka 1677 alifariki mzee mmoja, mkazi wa ukanda wa mchanga wa Kuroni, aliyekuwa bado akiijua. Ikiwa palikuwa na wengine waliojificha vijijini, tauni ya miaka ya 1709 hadi 1711 iliyofagia Prussia Mashariki iliwamaliza.

Jina lao, kwa upande mwingine, lilipanda cheo. Mwaka 1701 Friedrich wa Kwanza alijivika taji mjini Königsberg na kuanzisha ufalme wa Prussia. Kuanzia hapo «Mprusi» akawa askari wa Kijerumani mwenye nidhamu kali, na ulimwengu ukasahau kwamba jina hilo lilikuwa la watu waliouawa na mababu wa wale waliolivaa. Dola hiyo ilifutwa rasmi na mataifa washindi wa Vita vya Pili vya Dunia tarehe 25 Februari 1947. Yaani jina la Waprusi lilihukumiwa na kufutwa kwa makosa ambayo Waprusi wenyewe hawakuyatenda. Hili linaniuma kila nikilifikiria.

Sasa turudi kwa majirani.

Jirani wa kwanza ni Kijerumani cha Prussia Mashariki. Wakulima wa Kijerumani waliokaa na Waprusi karne nne walichukua kwao maneno ya nyumbani na ya porini. Kiatu waliita Kurp; katika orodha ya Elbing kiatu ni kurpe. Kile kichaka cha nchi za baridi kinachoitwa mreteni, ambacho Wajerumani wengine hukiita Wacholder, wao walikiita Kaddig. Katika orodha ni kadegis. Msichana alikuwa Marjell, lenye undugu na mergo ya Kiprusi na mergelė ya Kilithuania. Si maneno ya elimu wala ya utawala. Ni maneno ya mguu, kichaka na binti wa jirani, ambayo mtu huyashika bila kujua kwamba ameazima.

Jirani wa pili, Kilatvia, anahitaji nafasi zaidi, na kwake itabidi tuhamie lugha ndugu. Kaskazini ya Waprusi, kwenye pwani ya Latvia na Lithuania za leo, walikaa Wakuroni, mabaharia waliowasumbua hata Wadenmaki. Lugha yao ilimezwa na Kilatvia na Kilithuania kati ya karne ya 16 na ya 17. Haikuacha kitabu, wala orodha, wala mistari miwili ya utani. Tunajuaje basi kwamba imo ndani ya Kilatvia?

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wake nyumbani. Ukikuta katika shairi la kale neno ndia pahali ulipotazamia njia, au mato badala ya macho, huhitaji kuambiwa mtunzi ni wa Mombasa au wa Lamu. Sauti yenyewe imemtaja. Sasa tazama Kilatvia. Lugha hii iliiangusha n iliyokuwa mbele ya konsonanti ndani ya silabi, ilhali Kilithuania kiliihifadhi. Tano kwa Kilithuania ni penki, kwa Kilatvia pieci. Mkono ni ranka, kwa Kilatvia roka. Dirisha ni langas, kwa Kilatvia logs. Kanuni ni thabiti. Kisha unafika kwenye kaharabu, ule utomvu uliogeuka jiwe la dhahabu ambao mawimbi ya Baltiki huutupa ufukweni. Kilithuania husema gintaras. Kwa kanuni, Kilatvia kilipaswa kuiangusha n yake. Lakini Walatvia wanasema dzintars, na n imekaa palepale.

Je, walilikopa kwa Walithuania? Kama ndivyo, ile g ya mwanzo imekuwaje dz? Linatakiwa pahali ambapo g iligeuka dz kama kwa Walatvia, na n ikabaki kama kwa Walithuania. Pahali hapo ni pwani ya Wakuroni, na kaharabu ni mali ya pwani. Mwanaisimu mkubwa wa Latvia, Jānis Endzelīns, alifuata alama za namna hii moja baada ya nyingine. Mto Venta na bandari ya Ventspils zina n ileile iliyokataa kuanguka. Leo Walatvia huwapa wanaume jina la Dzintars na wanawake Dzintra. Herufi moja iliyobaki inatamkwa kila siku shuleni na bandarini.

Ukiwaweka Kiprusi na Kikuroni pamoja, unaona ajabu. Chenye vitabu vitatu hakina midomo. Kisicho na hata ukurasa kimo midomoni mwa taifa zima. Kikuroni kiliyeyuka ndani ya lugha ndugu ambayo baadaye ilipata dola yake, na jirani huyo yu hai. Kiprusi kiliacha vitu vyake kwa jirani ambaye siku zake zilikuwa zinahesabika bila yeye kujua.

Mwaka 1945 jeshi la Kisovieti liliingia Prussia Mashariki. Wakazi wa Kijerumani walikimbia kwenye theluji, na waliobaki walifukuzwa miaka iliyofuata. Wakatawanyika Ujerumani nzima, familia moja hapa, nyingine kule. Lahaja yao ilikosa kijiji. Mtoto aliyezaliwa Hamburg hakuwa na sababu ya kusema Kaddig mtaani, kwani hakuna ambaye angemwelewa. Neno lililovumilia watawa, utumwa na tauni lilikuja kukwama kwenye meza ya chakula ya bibi mmoja mkimbizi.

Majina ya mahali, ambayo watu hudhani ni ya kudumu kuliko yote, nayo hayakusalimika, na kazi hiyo haikuanzwa na Wasovieti. Julai 1938 utawala wa Nazi ulibadilisha kwa mkupuo mamia ya majina ya Prussia Mashariki yenye sauti ya Kiprusi, Kilithuania au Kipolandi. Pillkallen, jina la Kilithuania lenye maana ya kilima cha ngome, likawa Schloßberg, ambalo ni maana ileile kwa Kijerumani. Stallupönen likawa Ebenrode. Mji wa Darkehmen wakautafutia jina lenye sauti ya Kijerumani safi, wakachagua la mto wake: Angerapp. Ndio huohuo Mto wa Mikunga tulioanza nao, angurgis na ape. Walikusudia kuifuta lugha ya wenyeji, na kwa kutoijua wakaibandika kwenye kibao cha kituo cha reli.

Haikudumu. Mwaka 1946 Königsberg ikawa Kaliningrad, Angerapp ikawa Ozyorsk, Ebenrode ikawa Nesterov. Hata Cranz, mji wa ufukweni uliobeba neno la Kiprusi la ukingo wa bahari, ukawa Zelenogradsk. Upande wa Poland tume za serikali zilifanya kazi yao pia, ingawa huko kuna yaliyopona: mkoa wa Warmia bado unabeba jina la Wawarmia, na Bartoszyce la Wabarta.

Vita hivyo vilimeza hata karatasi. Hati ya Elbing ilipotea, na tunaijua kwa sababu picha zake zilikuwa zimechapishwa tayari. Mjini Königsberg, Walther Ziesemer alikuwa ametumia miongo akikusanya maneno ya lahaja za Kijerumani za Prussia kwenye vikaratasi kwa ajili ya kamusi kubwa. Hazina hiyo nayo ilipotea. Katika miaka ya 1950 Erhard Riemann alianza upya kutoka Kiel, na kwa kuwa hapakuwa tena na vijiji vya kwenda kuuliza, aliwategemea wakimbizi, akiwapelekea maswali popote walipokuwa. Kwenu kitu hiki mlikiitaje? Waliandika majibu kutoka kwenye vyumba vya kupanga na mashamba ya watu wengine, wakikumbuka jikoni ambazo wasingeziona tena. Juzuu ya mwisho ilikamilika mwaka 2005.

Kuna kikundi kidogo cha watu leo wanaojifunza kuzungumza Kiprusi kilichojengwa upya, wakisaidiwa na kazi za wanaisimu Vytautas Mažiulis na Vladimir Toporov, waliotumia miaka mingi kufafanua maneno yaliyobaki. Nawaheshimu. Lakini ninayemfikiria zaidi ni yule mkimbizi mwenye kalamu, anayeulizwa jina la kichaka chenye miiba kilichoota mchangani nyuma ya nyumba yao. Yeye ni Mjerumani, na hajui kwamba swali hilo linawahusu watu wengine kabisa. Anaandika: Kaddig.